Vipimo vya Jentrix

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya mochari moja ya hapa Nairobi, nikiwasindikiza majirani waliofiwa na baba yao, nilipomwona Akoth akija na mfuko wa nguo kwapani. Amemjia mjomba wake, akaniambia. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Amenenepa, nywele amezikata zote, ila mwendo ni ule ule wa mtu anayejua mlango wa kuingilia bila kumuuliza askari. Tulishikana mikono muda mrefu kuliko kawaida, akaketi kando yangu, akafungua mandazi kwenye karatasi akanimegea. Mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi akatuuliza kama sisi ni ndugu. Akoth hakufikiri hata kidogo. "Huyu ni mdogo wa sista yangu," akasema. Mimi niko na miaka arobaini na nne, nimezaa watatu, magoti yanalia nikipanda ngazi, na bado neno hilo lilinichoma pale pale liliponichoma nikiwa na miaka ishirini na mbili. Sista anayemtaja ni Jentrix, dada yangu mimi, wa tumbo moja, na Akoth hana hata tone la damu naye. Nilitabasamu, nikatafuna andazi lake. Wivu ukizeeka haupungui makali, hujifunza adabu tu, na mimi nimekuwa na muda wa kutosha wa kuufundisha.

Mwaka ule nilikuwa naishi Kambi Muru, huko Kibera, kwa Senje, shangazi yetu, upande wa pili wa pazia la maua lililokigawa chumba chake. Nilikuwa nimeanza kushona kwa fundi mmoja mwenye vyerehani vitatu kando ya njia ya kuelekea Nyayo Highrise, sare za shule zaidi, na Jumamosi nguo za watu wazima. Jentrix alikuwa amehamia Kawangware, akifulia watu nguo Lavington. Jumapili moja baada ya nyingine alikuja kula kwetu, na Senje, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha mapenzi kwa maneno, aliyaonyesha kwa mboga ya mrenda na kwa kipande cha kuku alichokificha chini ya ugali ili wengine wasikione. Kuanzia mwezi wa tatu hivi Jentrix akaacha kula. Alisema amefunga. Watu wa kanisa lake walikuwa wanafunga sana, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa, na mimi, nasema ukweli, nilivimba kichwa, maana nilimwomba aniombee nipate cherehani yangu mwenyewe na nilikuwa na hakika kwamba anafunga kwa ajili hiyo. Alikuwa anaomba chai, anaiacha ipoe kabisa, halafu anainywa kidogo kidogo huku akituuliza habari za kila mtu. Alikuwa anavaa sweta juu ya sweta. "Siku hizi umekuwa modo," nikamwambia siku moja, na akacheka, akageuza mwili kama wale wasichana wa mashindano ya urembo, akasema ghorofa za Lavington hazina lifti kwa wafua nguo. Senje aliangua kicheko. Huwa nakirudia kicheko hicho kichwani, natafuta ndani yake mahali ambapo ningepaswa kushtuka.

Akoth nilikuwa namjua kwa sura. Alikuwa jirani wa Jentrix, milango yao ikitazamana kwenye ploti moja, akikaanga samaki kando ya barabara. Nilikuwa nimemwona mara tatu au nne, na kila mara nilipokwenda kumtembelea dada yangu nilimkuta ameketi kitandani pa Jentrix kama mwenye nyumba, na mimi nikapewa stuli. Sikumpenda kwa sababu ya hiyo stuli tu. Basi Jumatano moja, saa tano hivi, nilikuwa napiga pasi kola za shati, akasimama mlangoni kwa fundi akiwa na patipati miguuni na aproni ya samaki hajaivua. Akaniambia, "Metrine, kuja nje kidogo." Nikatoka. Akaniambia Jentrix alilazwa jana, hali ikabadilika asubuhi, na saa tatu hospitali ilimpigia simu. Alisema vizuri, kwa upole, hakulizungusha neno wala hakulitupa. Na sasa nitasema kitu ambacho sikukisema mbele ya mchungaji wala mbele ya mume wangu. Kabla sijasikia uchungu wowote, kabla hata sijaelewa, mdomo wangu uliuliza, "Mbona wakupigie wewe?"

"Walitafuta kwa simu yake," akajibu. "Amenisevu Sista."

Simu hiyo niliishika baadaye, simu ndogo ya vibonyezo iliyofutika namba ya tano, nikaenda moja kwa moja kwa majina. Yeye alikuwa Sista kweli. Mimi nilikuwa Metrine Kibera, kama vile mtu anavyomsevu fundi wa mabomba asije akamchanganya na fundi mwingine. Senje alijaribu kunieleza kwamba watu wote wa Kawangware wanaitana hivyo, sista, sista, haina maana yoyote. Nikamwambia kama haina maana basi angenisevu mimi hivyo. Akarudi kwenye mambo ya maana, maana ukifiwa Nairobi hupewi nafasi ya kulia kwanza. Kuna karatasi ya hospitali, kuna kibali cha mazishi, kuna kitambulisho cha marehemu ambacho bila hicho hakuna kinachosonga, na kila dirisha lina karani wake na kila karani ana saa yake ya chai. Leo mtu akifiwa Kambi Muru mimi ndiye ninayepigiwa simu, kwa sababu najua uanzie wapi na umalizie wapi, na watu hunisifu kwamba nina moyo. Mambo hayo yote nilifundishwa na Akoth katika juma moja, na sikumwambia hata asante.

Kitambulisho kilikuwa Kawangware. Nilienda nikijiandaa kuvunja kufuli, lakini Akoth akatoa ufunguo wake kwenye sidiria. Chumba kilikuwa safi kuliko nilivyokizoea. Kitanda kimetandikwa, ndoo zimefunikwa, na juu ya meza palikuwa na mstari wa chupa za uji wa wimbi mwepesi, mwepesi kama maziwa, na kichungio cha plastiki kimeanikwa juu ya kikombe chenye mrija. Nilisimama mbele ya ule mrija. Sikuuliza, na Akoth hakueleza. Alienda moja kwa moja kwenye mkebe wa unga, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kitambulisho ndani ya karatasi ya nailoni, akakipangusa na kunipa. Mimi ningepekua chumba kile siku nzima. Ningetazama chini ya godoro, ndani ya Biblia, nyuma ya picha, mahali pote ambapo Jentrix niliyemjua mimi alikuwa anaficha vitu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Nikajikuta nimechukia hata ule mkebe.

Kwa karani tulienda watatu, mimi, Senje na yeye. Nilimwambia hana haja ya kuja, akasema atatubebea tu maji. Karani alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, akauliza maswali moja baada ya jingine akijaza fomu: jina kamili, alipozaliwa, kazi. Nilijibu haraka haraka kama mtoto aliyesoma kwa mtihani. Jina la babu nikalijua, kijiji nikakijua, na nikageuza kichwa kidogo ili Akoth aone kwamba nakijua. Halafu karani akauliza alikuwa anaugua tangu lini. Nikasema hakuwa anaugua, alishikwa ghafla. Akaangalia karatasi ya hospitali, akaniangalia mimi, akasubiri. Nyuma yangu Akoth akasema kwa sauti ya chini, "Tangu Februari. Ilikuwa saratani ya koo." Karani akaandika. Hakuuliza yule ni nani, aliandika tu, na kwa kalamu ile ile akashuka mpaka mahali pa uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu, akamtazama Akoth. Nikaruka kabla hajafungua kinywa. "Mimi ndiye dada," nikasema. "Andika mimi." Senje akanifinya mkono chini ya meza. Tulipotoka nje Senje akaketi kwenye ukingo wa maua akalia, akisema Februari, Februari, na mimi nikahesabu Jumapili zote za kufunga. Koo. Alikuwa hamezi. Alikuwa anakaa mbele ya kuku wa Senje na hamezi, na kuna mtu Kawangware aliyekuwa anajua.

Kwenye mkutano wa matanga, uliofanyika chumbani kwa Senje huku wengine wamesimama nje mpaka kwa mlango wa jirani, majirani wa Kawangware walikuja kwa wingi. Mzee mmoja wao akasimama kutoa pole akasema kweli jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Alikuwa na nia nzuri. Lakini Kibera na Kawangware ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa miguu, na yule mzee alisema "mbali" kana kwamba mimi nilikuwa Uarabuni. Senje akamjibu kwamba damu ni nzito kuliko maji, watu wakaguna pande zote mbili, na chai ikaletwa. Kazi zikagawanywa: nani atafuata jeneza, nani atapanga basi la kwenda nyumbani, nani atachapisha wasifu. Walipofika kwenye nguo nikasema hiyo ni yangu, na hakuna aliyepinga. Hatimaye palikuwa na kitu ambacho Akoth hakukiweza. Nguo zote nzuri alizovaa Jentrix maishani nilizishona mimi. Daftari langu lilikuwa na ukurasa wake, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, kwa kalamu nyekundu, na nilikuwa nashona kwa ukurasa huo bila kumwita aje kupimwa.

Akoth alinifuata nje nikisuuza vikombe. "Metrine," akasema, "ukishona, punguza."

Nikamuuliza nipunguze nini.

"Yote. Punguza sana. Amekwisha, huyo mtu."

Nikamwambia fundi ni mimi na vipimo ninavyo. Akatingisha kichwa taratibu, akachukua kitambaa akaanza kunipangusia vikombe. Nilishona siku mbili, gauni jeupe la kitambaa kizito, kola ya mviringo, mikono mirefu yenye vifungo vitatu vilivyofunikwa. Bosi wangu aliniachia cherehani nzuri na hakunitoza kitambaa. Kila mshono niliupiga mara mbili kana kwamba nguo hiyo itafuliwa. Nilikuwa nashona nikimwona kichwani Akoth akilitazama siku ya kutoa heshima za mwisho, akikubali moyoni kwamba kuna mikono iliyomjua Jentrix kabla ya mikono yake. Huo ndio ulikuwa msiba wangu, aibu iliyoje. Dada yangu amelala kwenye chuma na mimi nashindana na muuza samaki.

Siku ya kumtoa tuliingia watatu tena. Tulikuwa na sabuni, mafuta ya kujipaka, kitana, kitambaa cha kichwa na gauni langu ndani ya karatasi ili lisikunjamane. Mhudumu akafunua shuka. Nikatazama, nikamgeukia yule mhudumu nikamwambia, kwa hasira kabisa, kwamba ametuletea mtu mwingine. Akatazama kibandiko. Nikarudia, huyu si wetu, wetu ni mwanamke mkubwa, ana mashavu. Senje alikuwa ameshika ukuta. Ni Akoth aliyenishika bega akasema, "Ni yeye, Metrine. Ni yeye." Akaweka mkono wake kwenye paji la uso la Jentrix, bila kusita, kama mtu anayempima mtoto homa, na hapo ndipo nikamwona dada yangu, chini ya ule mkono, kidogo kidogo. Walimvisha. Gauni lilimlalia kama shuka lililotupwa juu ya kiti. Mhudumu alisema hakuna shida, watalipasua mgongoni walikunje kwa ndani, wanafanya hivyo kila siku. Lakini shingo haikufichika. Kola yangu ya mviringo iliachama mpaka kwenye mifupa ya mabega, na mtu yeyote ambaye angeinama juu ya jeneza angeona kwamba aliyeshona nguo hii hakumjua aliyeivaa.

Akoth akafungua pochi yake akatoa sindano na uzi mweupe. Alikuwa amekuja navyo kutoka Kawangware. Angeweza kushona mwenyewe, kupunguza kola si kazi ya ufundi mkubwa. Akanipa mimi. "Wewe ndiye fundi," akasema. Nikamwambia sina tepu. Basi akakunja mkono wake wa kushoto kiwiko kikaingia ndani, akanionyesha nafasi iliyobaki kati ya mkono na mbavu zake. Kiuno kilikuwa kinaingia hapo, akasema, alikuwa anamshika hivyo akimwogesha. Kwa shingo akaunganisha vidole vya mikono yote miwili. Nilikaa nje kwenye benchi na gauni mapajani, nikashona kwa vipimo vya mkono wa mwanamke mwingine, na likakaa sawasawa. Watu wote waliopita mbele ya jeneza walisema amependeza, Metrine amemshonea vizuri. Akoth aliwasikia, akasema ndiyo, amemshonea vizuri. Sidhani kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Akoth wakati ule, na chuki yenyewe haikuwa na mahali pa kushika, maana hakuwa amenikosea popote.

Tulimzika nyumbani, tukakaa mpaka siku ya wafiwa kunyolewa, tukarudi. Akoth alikuja na basi na alirudi nalo mapema kwa sababu ya biashara. Mwisho wa mwezi landilodi wa Kawangware akataka chumba chake, na Senje hakuwa na nguvu, kwa hivyo nilienda peke yangu mchana mmoja wa Alhamisi. Nilipofika Akoth alikuwa ameshafua pazia na kuosha vyombo vyote. Nilipakia kila kitu kwa magunia bila kumuuliza ni kipi nimwachie. Nilichukua blanketi, stuli, sufuria, nikachukua hata kile kichungio cha uji. Mtoto wake mdogo, Sharon, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mathe, hiyo si ni yetu?" Akoth akamwambia anyamaze aende akacheze. Nikakishika kile kichungio mkononi, cha plastiki, kimepasuka ukingoni, na hapo kitu kikakatika.

"Kwa nini wewe?" nikamuuliza. "Mimi nilikuwa hapo tu Kibera. Kwa nini akwambie wewe?"

Alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja. "Usiniulize hiyo, Metrine."

"Nakuuliza."

Akaiweka shuka kwenye gunia, akaketi ukingoni mwa kitanda kilichobaki mbao tupu. "Nilimwambia akuambie. Mara mingi. Akasema wewe akikuambia, itabidi aanze kukubembeleza. Akasema hiyo nguvu hana." Akalivuta gunia karibu. "Alikuwa anakupenda, hiyo usitoe kwa roho. Lakini alisema Metrine akishikwa na kitu, kila mtu anawacha yake anashika ya Metrine. Alitaka tu kuugua, basi."

Ningependa kuandika kwamba nililichukua neno hilo kama mtu mzima. Nilianguka chini. Nilikaa sakafuni kati ya magunia nikalia kwa sauti ambayo ilifanya majirani watoke milangoni, nikasema mimi si mtu mbaya, nikasema angeniambia ningebadilika, nikasema yeye Akoth alikuwa na dada yangu mwaka mzima na mimi nimeachiwa chai baridi. Na katikati ya kelele yangu nikasikia kitanda kikilia, Akoth ameinuka. Akaketi sakafuni kando yangu, akanivuta kichwa akakilaza begani, akaanza kunibembeleza. Nyamaza, nyamaza sista. Nikajua, nikiwa pale pale begani pake, kwamba ninafanya lile lile alilosema Jentrix, kwa namna ile ile, na sikuweza kuacha. Nilimshika kwa nguvu. Harufu ya samaki na sabuni ya kipande, na mkono wake wa kushoto ukanizunguka kiunoni, ambapo nafasi ilikuwa ndogo kwangu.

Namwonea wivu mpaka leo, na sasa najua wa nini. Uji ningejifunza kuupika, na kumwogesha mtu si siri. Mbele ya Akoth dada yangu aliweza kuwa mgonjwa bila kuwa na kazi nyingine, na hilo mimi sikuwahi kumpa. Alinibembeleza mpaka jua likapungua mlangoni, akanitengenezea chai, akanifungia magunia yaliyobaki kwa kamba, akaniitia mkokoteni. Rafiki yake alikuwa na mwezi mmoja tu kaburini. Niliondoka na vitu vyangu, na sikumwambia pole.